Koili Iliyozaa Redio

Wasikilizaji wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Mbagala, wameniandikia barua kuhusu jambo moja. Wanauliza ni nani hasa aliyeivumbua redio. Yule wa Tanga anasema shuleni alifundishwa kwamba ni Marconi, Mtaliano, na hajaona sababu ya kubadili. Yule wa Mbagala anasema mwanawe amemwambia kwamba Marconi alikuwa mwizi, kwamba mwenye redio ni Nikola Tesla, na kwamba matajiri wa Marekani walimmaliza bwana huyo kwa kuwa alitaka kuwapa walimwengu umeme wa bure. Wote wawili wanataka nitoe hukumu.

Ndugu zangu, hukumu ya jambo hili ilikwishatolewa na mahakama, nami nitaifikia. Lakini kabla ya hapo ni lazima tukitazame chombo chenyewe kilicholeta ugomvi, yaani koili ya Tesla. Ukikielewa chombo hicho, nusu ya maneno yanayosemwa juu ya mtu huyu yanaanguka yenyewe, na nusu iliyobaki inakuwa ya ajabu zaidi kuliko ulivyodhani.

Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Croatia na wakati huo kilikuwa chini ya dola ya Austria. Alikuwa Mserbia, mtoto wa kasisi wa Orthodoksi. Alifika New York mwaka 1884. Miaka minne baadaye alikwishapata hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, za mota na mitambo ya umeme wa mkondo geu. Umeme huo ndio unaotufikia majumbani mpaka leo, pale unapotufikia. Kwa kazi hiyo peke yake angeweza kukaa akala pensheni.

Hakukaa. Mwaka 1889 alikwenda Paris kwenye maonyesho makubwa, na alikuwa amesikia habari za majaribio ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyekuwa ametoka kuthibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yanayosafiri hewani bila waya. Aliporudi New York, Tesla alitaka kuyarudia majaribio yale kwa nguvu kubwa zaidi. Koili za wakati ule zilikuwa na chuma katikati na nyaya zilizobanana. Tesla alipoziendesha kwa umeme unaogeuka upesi mno, zilipata moto mpaka gamba la kuhami waya likayeyuka. Basi akaitenga koili moja na nyingine, akaacha hewa au mafuta katikati, akaongeza kapasita na mwanya wa cheche. Mwaka 1891 alikuwa na hataza mkononi, na mwezi Mei mwaka huo akasimama mbele ya wahandisi katika Chuo cha Columbia, ameshika mirija ya kioo isiyounganishwa na waya wowote, nayo ikiwaka.

Sasa koili hiyo inafanyaje kazi? Nilisoma vitabu nikaelewa nusu nusu. Nilielewa sawasawa siku kijana mmoja fundi redio wa mtaani kwetu aliponiita nikaione ya kwake. "Shikamoo mzee, njoo uone radi yangu," aliniambia. Nami mwandishi wa habari anayeitwa akaone radi hakatai.

Alikuwa amechukua bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4, akalizungushia waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, ule ule wanaotumia mafundi wa kuwaindi mota. Mizunguko 1,000, mmoja kando ya mwenzake, bila kupandana. Ukipiga hesabu ni waya wa kama mita 345 kwenye bomba linaloingia kwapani. Alinieleza kwamba aliwaindi kwa mkono kwa siku mbili, na kwamba mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine umeme utaruka hapo na kazi yote imekwisha. Juu ya bomba aliweka duara la foili kama andazi kubwa lenye tundu. Chini, mwisho wa waya aliuunganisha na fimbo ya chuma aliyoipigilia ardhini, mbali na waya wa ardhi wa nyumba. Kuzunguka mguu wa bomba kulikuwa na koili ya pili: mizunguko kumi tu ya mrija mnene wa shaba, wa aina ya majokofu.

Kapasita ndizo zilizonichekesha. Chupa kumi na mbili za bia zilizojazwa maji ya chumvi, juu yake tone la mafuta ya kupikia, zote zimesimama katika beseni lenye maji ya chumvi pia. Maji ya ndani upande mmoja, maji ya nje upande wa pili, kioo katikati. Nilimwuliza kama bia alikunywa yeye. Alisema ni za baa ya jirani.

Kazi inakwenda hivi. Transfoma, ambayo yeye aliitoa kwenye bango la zamani la taa za neoni, inaupandisha umeme wa nyumbani wa volti 230 kufikia maelfu ya volti. Umeme huo unazijaza zile chupa. Zikijaa kupita kiasi, cheche inaruka kwenye mwanya kati ya bolti mbili, na kwa kitambo kifupi mwanya huo unakuwa kama swichi iliyofungwa. Umeme wote uliomo chupani unamwagika kwenye ile koili nene, unarudi chupani, unamwagika tena, huku na huku, mara kama laki tatu kwa sekunde, mpaka unachoka. Kisha chupa zinajaa upya.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Ile koili ndefu ya mizunguko 1,000 nayo ina mwendo wake wa asili, kama vile bembea ilivyo na mwendo wake. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea bila kufuata mwendo wake, unajichosha bure. Ukimsukuma kila anaporudi, kidogo kidogo tu, atapanda mpaka mama yake apige kelele. Koili nene ikienda kwa mwendo ule ule wa koili nyembamba, zinaitikiana. Kila msukumo unaongezwa juu ya mwenzake, na juu kabisa kwenye lile andazi la foili msongo unapanda hadi hewa inashindwa kuuzuia.

Niliona tofauti kwa macho yangu. Alipowasha mara ya kwanza, kiunganishi kikiwa kwenye mzunguko wa sita wa koili nene, ulitoka mlio mkali wa mwanya na juu ya foili kukaonekana manyoya mafupi ya zambarau, urefu wa kidole. Alizima, akachomoa waya ukutani, akagusanisha ncha za kapasita kwa kijiti kirefu chenye waya ili zimalize umeme uliobaki, ndipo akaingiza mkono na kukisogeza kiunganishi mpaka mzunguko wa nane. Alipowasha tena, cheche za sentimita arobaini zilirukia hewani zikitafuta pa kushika. Transfoma ilikuwa ile ile na chupa zile zile. Kilichobadilika ni mizunguko miwili ya mrija. Taa ya mrija aliyoishika mdogo wake, hatua tatu mbali, iliwaka bila waya. Harufu ya ozoni ilijaa uani.

Na papo hapo, kutoka dirisha la pili, bibi jirani akapaza sauti: "Wanangu, mmenifanyia nini redio yangu?" Taarifa ya habari ilikuwa imegeuka mkoromo mtupu. Mkumbuke bibi huyu, tutarudi kwenye shida yake.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo kwa wazazi. Vijana wengi wanaona cheche zile kwenye video na kuzitaka. Cheche ya juu inatisha kuitazama, lakini muuaji yuko chini, kwenye transfoma na kapasita. Miliampea thelathini zinazopita kifuani zinaweza kuusimamisha moyo, na transfoma ya neoni inazitoa bila kutoa jasho. Transfoma iliyong'olewa kwenye jiko la maikrowevu ni mbaya zaidi, haimpi mtu nafasi ya pili. Kapasita iliyozimwa bado inaweza kuwa imeshiba. Fundi wetu alikuwa na kijiti chake na alikitumia kila mara, hata mara ile alipokuwa na haraka ya kunionyesha. Asiye na kijiti hicho, na asiyekuwa na mtu mzima kando ya swichi, asiguse.

Turudi Marekani. Chupa zile za chumvi hazikuwa ubunifu wa uswahilini. Tesla mwenyewe, mwaka 1899, alifanya vile vile, kwa ukubwa wa kutisha. Mwezi Mei mwaka huo alihamia Colorado Springs, mji ulioko kama futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, penye hewa kavu na radi nyingi. Tajiri John Jacob Astor alimpa dola 30,000, na kampuni ya umeme ya mjini ikakubali kumpa umeme. Tesla akajenga banda la mbao nje ya mji. Ndani yake aliweka uzio wa mviringo wenye kipenyo cha mita 15 hivi, na juu ya uzio huo akazungusha koili. Katikati akasimamisha koili nyingine, na kutoka paani akapandisha mlingoti wa futi 142 wenye tufe la shaba kileleni. Kapasita zake zilikuwa chupa za maji ya chemchemi, zimejazwa maji ya chumvi na kupangwa kwenye masanduku.

Mwandishi wa habari John O'Neill, aliyeandika maisha ya Tesla mwaka 1944, anasimulia usiku wa jaribio kubwa. Msaidizi Kolman Czito alikuwa kwenye swichi. Tesla alisimama mlangoni akitazama tufe. Swichi ikafungwa, radi za kutengenezwa zikaruka kutoka kileleni kwa ngurumo, kisha ghafla giza na kimya. Tesla akadhani Czito ameikata swichi. Kumbe jenereta ya mji ilikuwa imeungua, na Colorado Springs ilikuwa gizani. Kisa kinapendeza, nami nimewahi kukisimulia hewani. Ila mtu aliyezoea chumba cha habari anajua jinsi kisa kinavyonenepa kikipita vinywa vitatu. O'Neill huyo huyo ndiye aliyeandika kwamba Tesla aliwasha taa 200 umbali wa maili 26 bila waya. Daftari za Tesla za Colorado zilichapishwa Belgrade mwaka 1978, na humo hakuna jambo kama hilo. Zipo taa chache zilizowaka nje ya banda, karibu nalo.

Hata ile picha maarufu, Tesla ameketi kwenye kiti anasoma kwa utulivu huku umeme ukimzunguka kama mizizi ya mti, si picha ya tukio moja. Mpiga picha alizipiga cheche gizani, kisha juu ya kioo kile kile akampiga Tesla ameketi, mtambo umezimwa. Tesla hakulificha jambo hilo, aliliandika mwenyewe. Sisi wasomaji ndio tulioamua kutolisoma.

Alichokuwa anakitafuta kule kilikuwa kikubwa kuliko cheche. Julai 3, 1899 aliifuatilia dhoruba ya radi iliyokuwa ikienda zake, na chombo chake kikaonyesha nguvu ikipungua, ikipanda, ikipungua, ikipanda, ingawa dhoruba ilizidi kuwa mbali. Akahitimisha kwamba dunia nzima ni kama ile koili ndefu: ina mwendo wake, na ukiisukuma sawasawa itaitikia, na popote mtu atakapochomeka fimbo ardhini atapata umeme. Nusu ya wazo hilo haikuwa wazimu. Mwaka 1952 Mjerumani Winfried Otto Schumann alionyesha kwa hesabu kwamba nafasi iliyo kati ya ardhi na tabaka la juu la anga huitikia radi za dunia, kwa mwendo wa mara 8 hivi kwa sekunde, na vipimo vya baadaye vilimthibitisha. Lakini mwendo huo ni wa chini sana kuliko ule aliokuwa akiutumia Tesla, na kinachosafiri ni mnong'ono. Kuendesha kinu cha unga kwa njia hiyo ni jambo jingine kabisa. Umeme unaotawanyika kila upande unapungua haraka mno. Kwa hiyo yule kijana wa Mbagala asidhani kuna umeme wa bure uliofichwa mahali. Uliozuiwa ni mradi ambao, kwa fizikia tunayoijua, usingefanya kazi.

Tesla aliondoka Colorado Januari 1900. Banda lilibomolewa mwaka 1904 na vitu vyake vikauzwa kulipia madeni. Mwaka 1901 mwenye benki J. P. Morgan alikuwa amempa dola 150,000 za kujenga kituo cha mawasiliano huko Wardenclyffe, karibu na New York. Mnara ulifika futi 187. Lakini Marconi alitangaza kwamba Desemba 12 mwaka huo huo wa 1901, huko Newfoundland, amesikia herufi moja, S, nukta tatu za Morse, iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, kuvuka Bahari ya Atlantiki. Vifaa vyake vilikuwa vidogo na vya bei ndogo vikilinganishwa na mnara ule. Morgan hakutoa fedha zaidi. Mwaka 1917 mnara ukaangushwa, chuma chake kikauzwa.

Na vifaa hivyo vya Marconi vilikuwa nini? Transfoma, kapasita, mwanya wa cheche, koili mbili zinazoitikiana. Ungevipeleka uani kwa fundi wetu angevitambua bila kuuliza. Kwa miaka kama ishirini meli na vituo vya simu za upepo duniani vilizungumza kwa cheche. Mwaka 1912 Titanic iliita msaada kwa mtambo wa namna hiyo, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa. Astor, yule aliyempa Tesla dola 30,000, alikuwa abiria wa meli hiyo, naye hakuokoka.

Nasi huku kwetu mitambo ya cheche ilifika, ikafika na makombora yake. Waingereza walikuwa na waya wa simu uliolala chini ya bahari na kupita Zanzibar tangu mwaka 1879. Wajerumani, wakijua kwamba vita vikianza nyaya zao zitakatwa, walijenga vituo vya simu za upepo katika makoloni yao, na hapa kwetu vikawapo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilianza mapema Agosti 1914. Agosti 8 manuwari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilitokea mbele ya Dar es Salaam na kufyatua makombora, ikikilenga kituo cha simu za upepo. Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara usije ukatekwa. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kwa meli mpaka Bukoba, na lengo lao lilikuwa kukibomoa kituo cha huko. Walikibomoa, wakaupora na mji.

Mimi nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka ishirini na ninakiri kwamba kila nikipita ufukweni hulifikiria jambo hilo. Mji huu ulipigwa makombora kwa sababu ya mtambo wa redio miongo mingi kabla mwananchi wa kawaida hajamiliki redio ya kusikilizia.

Sasa turudi kwa bibi jirani. Mkoromo wake ndio uliouua mtambo wa cheche duniani. Cheche haitoi wimbi moja safi kama kituo cha leo. Inatapakaa, inamwagika juu ya majirani. Meli mbili zikizungumza, za tatu na nne hazisikilizani. Zilipokuja valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu, iliwezekana kutoa wimbi tulivu la kubebea sauti ya mtu na muziki. Katika mkutano wa Washington wa mwaka 1927 mataifa yalikubaliana mitambo ya cheche iondolewe hatua kwa hatua. Ndiyo maana nilimshauri fundi wetu awashe koili yake kwa dakika chache tu, na isiwe saa ya taarifa ya habari. Sheria za mawasiliano hazimtambui mtu anayevuruga masafa ya wenzake eti kwa kuwa anajifunza.

Haya, ile hukumu. Kampuni ya Marconi ya Marekani iliishtaki serikali ya nchi hiyo ikidai fidia kwa kutumiwa hataza zake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kesi ilikokotwa hadi Juni 21, 1943, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba madai makuu ya hataza ya Marconi kuhusu kuitikianisha koili za mtambo wa kutuma na wa kupokea hayakuwa na nguvu, kwa kuwa wengine walikwishaonyesha mambo hayo kabla yake. Waliotajwa ni Oliver Lodge wa Uingereza, John Stone Stone wa Marekani, na Tesla. Kwa hiyo anayesema mahakama ilimtangaza Tesla kuwa mvumbuzi wa redio anaongeza chumvi. Majaji hawakuulizwa swali hilo. Waliulizwa ni nani wa kulipwa. Na anayesema Marconi aliiba kila kitu amesahau kwamba Marconi ndiye aliyekitoa chombo kwenye ukumbi wa mihadhara akakipandisha melini kikaokoa watu.

Jibu langu kwa Tanga na Mbagala ni kwamba Hertz aliyaonyesha mawimbi, Tesla akaonyesha jinsi ya kuzifanya koili ziitikiane kwa nguvu, Lodge na Stone wakaunyoosha utaratibu wa kuchagua masafa, Marconi akavusha bahari. Mwaka 1909 Marconi aligawana Nobel ya fizikia na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, na kazi ya Braun ilihusu hizo hizo koili mbili. Tesla hakupewa.

Hukumu ile ya 1943 haikumkuta yeyote kati ya hao wawili. Marconi alikuwa amefariki mwaka 1937. Tesla alifariki Januari 7, 1943, miezi mitano kabla ya kesi kwisha, katika chumba cha Hotel New Yorker alichokuwa akiishi peke yake.